Tunajua, Mzee

Tulikuwa wanne, mahema mawili, na mimi nilikuwa nimejipa uongozi. Sababu ni moja tu: baba yangu kazaliwa Bweni, ng'ambo ya mto Pangani, akavua hapo miaka mingi kabla ya kuhamia Dar. Njia nzima kutoka Tanga nawaambia wenzangu, "Msihofu, mimi mtoto wa pwani." Mtoto wa pwani mwenyewe nimekulia Tabata.

Tulichelewa. Tulipanda kivuko jua linazama, na hadi tunafika Ushongo, kama kilomita 15 kusini, ilishakuwa saa mbili usiku. Mwezi mpevu. Maji yalikuwa yametoka mbali, mawimbi unayasikia tu, na mbele yetu mchanga umelala mgumu, bapa, kama sakafu. Huko juu chini ya mivinje kulikuwa na vijiti na mashimo ya kaa. Nani akalale huko? Nikaonyesha mahali, tukapigilia vigingi.

Baba alinifundisha mambo haya, au niseme alijaribu. Baada ya kula alikuwa akipanga vijiko mezani: huu mwezi, hii dunia. Mwezi ukiandama au ukiwa mpevu ni bamvua, maji yanajaa sana na kutoka sana. Ukiwa nusu, maji mafu. Na kila siku maji yanachelewa kama dakika 50, kwa hiyo mvuvi haulizi saa ngapi, anauliza leo mwezi ngapi. Mimi simu mkononi, naitikia "mmh". Siku hizi hapangi tena vijiko.

Kwenye saa nne wakapita watu na tochi, wanakwenda mwambani kuchokoa pweza. Mzee mmoja akasimama.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba, wanangu. Mnalala hapa?"

"Ndiyo."

Akatazama hema, akatazama mwezi. "Leo bamvua," akasema.

Na mimi, mbele ya wenzangu, nikajibu: "Tunajua, mzee."

"Haya." Akaenda zake.

Na neno kweli nilikuwa nalijua. Ungenipa karatasi ningekuandikia sentensi tatu nzuri zenye bamvua ndani yake. Ila kwamba neno lile lilikuwa linazungumzia godoro langu, hilo halikunijia.

Saa tisa na ushee niliamka nikidhani kuna mtu anaburuta gunia nje. Kisha mgongo ukapata baridi. Pwani yetu hii, siku za bamvua, tofauti ya maji kupwa na kujaa hupita mita 3, na kwenye ufuo bapa kama ule mita 3 ni safari ndefu inayokwenda haraka. Tuling'oa hema moja. La pili tulilivuta na vitu vyake vyote ndani, limejaa maji, zito kama ng'ombe. Jiko la gesi lilikwenda. Ndala zangu zilikwenda. Tukamalizia usiku chini ya mivinje tukitetemeka, hakuna anayemsemesha kiongozi.

Kulipokucha niliuona mstari wa mwani umelala pale pale maji yalipoishia. Pembeni yake kulikuwa na mwani mwingine, mkavu, wa jana. Jana usiku niliuruka nikiwa nimebeba hema.

Kijana mmoja wa pale alitusimulia kuhusu Maziwe, kisiwa kilicho mbele ya Ushongo. Zamani kilikuwa na mivinje, sasa ni fungu la mchanga tu, na bamvua hulifunika. Kasa bado wanataga huko, hivyo watu huyachukua mayai na kuyafukia ufuoni Ushongo, juu, maji yasipofika. Rafiki yangu akacheka mpaka akakaa chini. "Hata mayai wanayahamisha!"

Mzee naye akarudi, mkononi ana ndala yangu moja. Hakunisimanga. Aliuliza tu, "Mmetokea wapi?"

Ningeweza kusema Bweni. Ningemtajia jina la baba, labda angemjua.

"Dar," nikasema.

"Aa," akasema, kama mtu aliyepata jibu.

Kwenye kivuko nikampigia baba. Kila nikikaribia bahari ana swali lake moja, na siku zote namjibu, "Baba, sijaenda kuvua."

"Maji yamejaa saa ngapi?"

"Saa kumi kasoro robo."

Kimya kidogo.

"Hema mlipiga wapi, wewe?"