Bi Harusi, Iringa Si Ulanzi Tu



Kazi yangu ni kushona nguo za maharusi, na mtu akipimwa nguo huzungumza. Wasichana wetu wengi wa kisiwani sasa wanaolewa bara. Wakisikia kwamba nafika Iringa na Mbeya kupeleka nguo, swali lao huwa moja: "Dada, huko si wanakunywa ulanzi? Nitaishi vipi na wakwe?" Leo nawajibu, nyinyi mnaoolewa huko na nyinyi mnaotafuta pa kwenda fungate.

Ulanzi ni utomvu wa mianzi. Msimu wa mvua, chipukizi la mwanzi hukatwa ncha, utomvu ukadondokea kwenye chombo kinachoitwa mbeta. Ukiwa mpya na mtamu ni mtogwa. Ukichacha ukawa mkali ni mkangafu. Wapo watakaokwambia mtogwa ni juisi tu. Lakini hugeuka upesi, na kwa macho huwezi kujua umefika wapi. Kwetu kila kinacholevya ni haramu, basi mimi huuacha wote na roho yangu hutulia.

Kazi ipo kwenye kuukataa. Kwa Wahehe ulanzi ni makaribisho, na bi harusi anayekunja uso mbele ya makaribisho atakumbukwa kwa uso huo miaka mingi. Niliwahi kufuatana na bi harusi wangu mmoja mpaka kwa wakwe, mwezi wa Machi, mianzi inatoa kwelikweli. Mume ni Muislamu, lakini bibi yake si wa dini yetu, na bibi alileta ulanzi kwa mkono wake mwenyewe. Chumba kizima kikanyamaza. Yule mtoto akapiga magoti, akasema "Kamwene, bibi," kisha akamwambia polepole: "Hiki dini yangu hainiruhusu. Nipe kile unachowapa wajukuu wako wadogo." Bibi akacheka, akaingia jikoni, akatoka na togwa. Tangu siku ile yeye ndiye anayemtetea pale nyumbani.

Togwa ni uji mwepesi wa nafaka uliotiwa kimea, mtamu, na watoto hunywa. Omba ya leo leo, maana nayo ikikaa siku nyingi huchacha. Chakula chenyewe hakitakupa taabu: ugali mweupe wa mahindi, maharage, makande, mboga za majani, viazi, na chai ya Mufindi ambayo ukiinywa kwenye baridi ile utaiona dawa. Nyama uliza imechinjwa na nani, kwa adabu tu; mjini Waislamu ni wengi na misikiti ipo.

Halafu mwambie bwana akutembeze. Kilomita kama 15 kutoka mjini iko Kalenga, palipokuwa na ngome ya Mtwa Mkwawa. Jina Iringa lenyewe limetoka kwenye neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Tarehe 17 Agosti 1891, pale Lugalo, jeshi la Mkwawa liliwashinda Wajerumani na kumuua kamanda wao, Emil von Zelewski. Wajerumani walirudi wakaibomoa ngome mwaka 1894. Mkwawa aliendelea kupigana porini hadi 1898, akajiua asikamatwe. Kichwa chake kilichukuliwa Ujerumani. Kurudishwa kwake kuliandikwa mpaka kwenye Mkataba wa Versailles wa 1919, lakini fuvu halikufika hadi 1954, likapokewa na mjukuu wake, Adam Sapi Mkwawa, aliyekuja kuwa Spika wa Bunge. Leo limo kwenye makumbusho ya Kalenga. Ukilitazama utafahamu kwa nini wakwe zako wanatembea kifua mbele.

Jioni pandeni jiwe la Gangilonga, maana yake jiwe linaloongea. Mji wote unauona chini yako. Siku nyingine nendeni Isimila, kwenye nguzo za mchanga zilizochongwa na maji na zana za mawe za watu wa kale. Sokoni nunua vikapu vya milulu vinavyosukwa na wanawake wa Kihehe. Mimi fundi nimevigeuza ndani nje kutafuta kasoro ya mkono, sijaipata.

Mkiwa na siku za ziada, pandeni basi mwende Mbeya: parachichi, mchele wa Kyela, ndizi za Rungwe, na soko la Mwanjelwa, ambako ukiingia na pesa ya nauli utatoka huna nauli.

La mwisho ni la kifundi. Juni na Julai baridi ya huko haina mchezo, na baibui letu jepesi la pwani halifui dafu. Mwambie fundi wako akutilie bitana, mikono ikaze kwenye kifundo, na ndani uvae sweta. Soksi usisahau.

Jifunze kusema "kamwene" kabla hujapanda boti. Chombo kimoja tu ndicho kisichokuhusu. Watu, chakula na historia ya kule ni vyako kama ulivyo wa kwao. Allah awape wakwe wema na nyinyi mwe wema kwao. Amin.