Mfuko wa Mji Usiwe Mfuko wa Mtu

Hebu jiulize: ni harambee ngapi umechangia maishani mwako, na kati ya hizo ni ngapi ambazo leo waweza kumpeleka mgeni ukamwonyesha kwa kidole, "Tazama, mia mbili yangu imo humu"? Mimi nilijaribu hesabu hiyo juzi nikiwa nimeketi barazani, nikaishia kwenye vidole vya mkono mmoja. Si kwamba pesa zote ziliibwa, ingawa zipo zilizoibwa. Nyingi zilitimiza kazi yake. Darasa lilijengwa, tangi likasimamishwa, kisima kikachimbwa. Taabu ilianza baada ya sherehe, pale ilipokosekana senti ya kununua nati moja iliyokatika.

Katika mji wetu mdogo, kando ya barabara kuu iendayo Lungalunga, tuna pampu ya maji iliyozinduliwa kwa ngoma na pilau. Miaka mitatu baadaye mota iliungua. Kila nyumba ikatoa chochote, ikatengenezwa. Ikaungua tena, na safari hii watu wakakataa katakata kutoa. Tangu hapo kina mama wamerudi kwenye visima vya kale, na maji ya visima hivyo ni ya chumvi. Shangazi yangu, mwenye miaka sabini na ushei, hununua mtungi wa lita 20 kutoka kwa vijana wa mikokoteni. Siku asipokuwa na pesa, hunywa ya kisimani. Daktari amemwonya apunguze chumvi kwa sababu ya presha. Nikuambie nini zaidi?

Basi baadhi yetu tukaanza kunong'ona habari ya kuunda wakfu wa mji. Neno hili wasomi wa siku hizi hulitumia kwa mashirika makubwa ya mjini Nairobi yenye magari meupe, lakini sisi watu wa Pwani tumelijua tangu enzi za mababu. Mtu alikuwa akitenga shamba la minazi au nyumba, akasema: hii haiuzwi, hairithiwi, haitolewi zawadi, mapato yake ni ya msikiti, au ya mayatima, au ya kisima cha wapita njia. Hata serikali inalitambua jambo hili, na Kenya ina Tume ya Wakfu inayosimamia mali ya namna hiyo ya Waislamu. Siri yake ni moja tu: mnazi hauliwi, huliwa nazi.

Nilipotaka kuona mambo haya yakifanya kazi kwa watu wa kawaida, sikwenda mbali. Nilikwenda Gazi, Kaunti ya Kwale, kilomita 50 hivi kusini mwa Mombasa. Wapenda historia watakumbuka kwamba ndiko alikokuwa Mbaruk bin Rashid, yule Mazrui aliyewasumbua Waingereza mwaka 1895 na 1896. Leo Gazi inajulikana duniani kwa sababu ya matope. Naam, matope, na mikoko inayoota ndani yake.

Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ile ilikatwa kwa fujo, boriti na kuni za viwandani, na kuna sehemu zilizobaki uwanda mtupu usioota tena wenyewe. Watafiti wa KMFRI, ile taasisi ya serikali ya utafiti wa bahari na uvuvi, walianza kupanda upya pamoja na wanakijiji mwanzoni mwa miaka ya 1990. Mkoko, mlilana, mchu. Majina ambayo wazee wetu waliyajua kwa kuyajengea nyumba, sasa yakawa ya kupandwa. Kisha mwaka 2013 likaanza shirika la wanakijiji liitwalo Mikoko Pamoja, la watu wa Gazi na jirani zao wa Makongeni.

Sikiliza jinsi linavyofanya kazi, maana hapa ndipo penye utamu. Mikoko hufyonza hewa ya kaboni inayochafua anga, na huificha kwa wingi zaidi kwenye matope kuliko hata kwenye shina. Wanakijiji wanalinda hekta 117, na kwa kuzilinda wanaruhusiwa kuuza kiasi cha tani 3,000 za hewa hiyo kila mwaka. Mpango huo hukaguliwa kwa kanuni za kimataifa ziitwazo Plan Vivo. Wanunuzi wako ng'ambo. Anayetafuta wanunuzi ni shirika dogo la hisani lililosajiliwa Scotland, liitwalo ACES. Katika miaka ya mwanzo mapato yalikuwa kama dola 12,000 kwa mwaka.

Utasema ni vijisenti. Ni kweli; kuna waheshimiwa wanaotumia zaidi ya hizo kwa safari moja ya kwenda kutalii wakiita semina. Lakini tazama zinavyokwenda. Sehemu hulipia ulinzi wa msitu, upandaji na uendeshaji. Iliyobaki hurudi vijijini, na ni wanakijiji wenyewe, katika baraza, wanaoamua ifanye nini. Kamati huchaguliwa kutoka vijiji vyote viwili. Maji ya mfereji yamefika Gazi na Makongeni kwa njia hii, na vitabu vimenunuliwa shuleni. Tena wakapanda mivinje, ili mwenye kuhitaji mti wa kujengea asiingie mikokoni na panga usiku. Hilo lilinipendeza kuliko yote, kwa kuwa hawakumkataza mtu bila ya kumpa njia nyingine.

Mwaka 2017 shirika hili lilipata Tuzo ya Ikweta ya Umoja wa Mataifa, na mwaka 2019 ndugu zao wa Vanga, Jimbo na Kiwegu wakaanzisha mradi kama huo wenye hekta 460.

Sikusifu kwa macho yaliyofumbwa. Biashara hii ya hewa ina walakini wake. Tajiri wa ng'ambo akishanunua tani zake huenda akajiona msafi, akaendelea kutoa moshi kama kawaida. Soko liko huko, na likikohoa, kijiji kitapata mafua. Tena msitu wenyewe ni mali ya serikali. Wanakijiji huutunza kwa makubaliano na Huduma ya Misitu, si kwa hatimiliki. Lakini kuhusu namna ya kushika pesa ya umma, sijaona wa kuwafundisha. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, na pale daftari linasomwa mbele ya watu.

Nikarudi nyumbani na maneno yangu, nikakuta vita. Sisi hatuna mikoko. Tulicho nacho ni kiwanja cha mji, kando ya stendi ya matatu, kilichoachwa wazi tangu soko la zamani lihame. Ami yangu na wenzake wanataka kiuzwe mara moja, tununue pampu mpya na kubaki na chenji. Sisi wengine tunataka kiwekwe chini ya wadhamini, kisiuzwe milele, wenye biashara ndogo wajijengee vibanda na walipe kodi, na kodi hiyo iwe ya maji kwanza, mengine baadaye. Wadhamini wawe watano, wawili kati yao kina mama, na pesa isitoke benki bila sahihi tatu.

Ami alinijibu mbele ya watu, "Wewe una mfereji nyumbani kwako Mombasa, ndiyo maana una subira." Watu wakacheka, na kwa kweli hakusema uongo.

Nimepiga hesabu mara tatu. Vibanda sita kwa shilingi 1,500 ni 9,000 kwa mwezi. Pampu na mota, kwa bei niliyopewa dukani, ni 120,000. Hiyo ni miezi kumi na minne, ikiwa kila mpangaji atalipa na hakuna atakayeleta hadithi. Baada ya hapo kodi itaendelea kuingia, na mota ikiungua tena hakuna atakayegongewa mlango. Ukiuza kiwanja, utapata maji mwezi ujao, na mota ya pili utaiuzia nini?

Nilimweleza shangazi yote haya, kalamu mkononi. Alisikiliza hadi mwisho, akaniuliza, "Mwanangu, na hiyo miezi kumi na minne nitakunywa nini?"

Mkutano ni Ijumaa baada ya swala. Mitungi ya shangazi nimesema nitailipia mimi hadi pampu ije. Ya jirani zake, nyumba arobaini na kitu, bado sijapata wa kuilipia.