Ningekunywa, ningetapika?

Jamani, kuitwa mwizi kusikie kwa jirani tu. Mwaka jana nilikuwa Kawetele, pale Tukuyu, kwa shangazi yangu. Hela za upatu, shilingi 180,000, zikayeyuka kwenye kopo la majani ya chai. Ndani tulikuwa watatu: mimi, binamu yangu na dada wa kazi.

Basi bwana, mvua ya Rungwe mnaijua, hakuna pa kwenda. Jioni tumejazana jikoni, moshi unatutoa machozi, babu jirani akaanza: "Zamani haya yalikuwa yanakwisha siku moja. Mwafi tu!"

Mwafi, kwa msiojua, ni kiapo cha Wanyakyusa. Unakorogwa na maji, mshukiwa anakunywa. Akitapika, hana hatia. Asipotapika, ndiye. Na ni sumu, si utani. Godfrey na Monica Wilson, waliofanya utafiti Rungwe miaka ya 1930, waliandika habari zake, na wakati huo wakoloni walishaupiga marufuku.

Binamu akadakia eti ndiyo haki yenyewe, mwafi hauli rushwa. Hapo alinibana, nakiri. Lakini nikamuuliza, anayekoroga je? Akimzidishia huyu na kumpunguzia yule? Halafu mimi tangu utoto sitapiki. Basi la Mbeya likianza kona za Kiwira, wenzangu wanaomba mifuko, mimi natafuna karanga. Si ningezikwa mwizi hivi hivi, kisa tumbo gumu?

Wote wakacheka, isipokuwa shangazi. "Kuna mtu ana dawa nyepesi, haiui," akasema. "Kesho mtakunywa wote watatu."

Binamu akasema yuko tayari. Dada wa kazi akatazama miguu yake, akasema, "Sawa, mama." Angesema nini, na kibarua anakitaka?

Nikasema sinywi.

Weee! Kimya kilichoshuka pale, hata babu aliacha kukoroga moto. Nikaanza kueleza habari za polisi, sijui sheria, nikaona kila neno linanichimbia shimo. "Asiye na kitu anaogopa nini?" shangazi akauliza, tena kwa upole.

Dawa haikuletwa. Hela nazo hazijaonekana mpaka leo. Mimi nilipanda basi keshokutwa yake, nikapewa na mkungu wa ndizi wa safari, maana damu ni damu. Dada wa kazi aliondoka wiki ile ile, bila mshahara wa mwezi. Na yeye ndiye aliyekubali kunywa.