Nambari Iliyoshonwa kwa Uzi Mwekundu

Mtu atokaye Kericho kwenda Bomet hupita kwanza katikati ya mashamba makubwa ya chai, kisha Litein na Kaplong, ambako chai ni ya wakulima wadogo, nayo imepakana na mahindi na malisho ya ng'ombe. Kwa gari ni safari fupi. Nilipoifanya kwa kazi ya ofisi, nilimwamkia kogo mmoja, kama tuwaitavyo bibi zetu huku, mwenye umri uliopita miaka 80.

Alinionyesha kitambaa cha amerikani, ukubwa wake kama leso ya mkononi, kilichogeuka rangi ya chai. Pembeni kina maua. Katikati imeshonwa nambari kwa uzi mwekundu. Ni nambari ya baba yake, askari wa King's African Rifles katika Divisheni ya 11, ambayo alama yake ilikuwa kichwa cha kifaru. Divisheni hiyo ilipelekwa Ceylon mwaka 1943, na mwaka 1944 ikapigana Burma, katika bonde la Kabaw, wakati wa mvua kubwa.

"Mama hakujua kusoma," kogo alisema. "Lakini fedha za baba zilitolewa kwa nambari. Karatasi ilipoloa, alimwomba mtoto wa misheni aiandike juu ya nguo kwa makaa, naye akayafuata makaa kwa sindano."

Siku hizo Bomet ilikuwa ndani ya wilaya ya Kericho. Ilitengwa mwaka 1992. Kwa hiyo mama yule alikwenda Kericho kwa miguu, kitambaa kimefungwa kiunoni. Mumewe hakurudi.

Huko Taukkyan, karibu na Yangon, yamechongwa majina ya askari karibu 27,000 wasio na kaburi linalojulikana. Kwa idhini ya kogo niliinakili nambari, nikatafuta katika orodha ya waliokufa vitani, ambayo siku hizi husomwa bure kwa intaneti. Majina yetu huandikwa kila mtu asikiavyo. Jina nililolikuta lilipungukiwa herufi mbili, nami ningalilipita. Nambari ilikuwa ile ile.

Nilipomsomea, kogo aliifuata mishono kwa kidole, tarakimu moja moja, kisha akakikunja kitambaa.

Wasomaji wapenzi, mali bila daftari hupotea bila habari. Fungueni masanduku ya wazee kabla mchwa hawajayafungua, mkayanakili yaliyoshonwa humo.