Lamu au Mumias: Safari Mbili na Shauri Moja



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na sala na salamu zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na masahaba zake.

Wapenzi wasomaji, tulipokuwa likizoni Mombasa, akina mama wawili walikuja nyumbani kuzungumza na mama wa watoto wetu. Waume zao wamepata uhamisho wa kazi, mmoja bara na mmoja kaskazini, nao walitaka kujua sisi tuliamuaje tulipofikwa na jambo kama hilo. Mazungumzo yalikuwa marefu, na walipoondoka mama watoto alitwambia, “Maalim, hili liandike. Wako wengi wenye mashaka haya wasiokuwa na wa kumuuliza.” Basi tunaandika, si kwa kujionyesha, bali huenda likamfaa mtu.

Jumuiya moja inayosimamia shule na madrasa ilituita ikatueleza kwamba inahitaji mwalimu mkuu katika vituo viwili, na sisi tuchague kimoja. Cha kwanza kilikuwa Lamu, cha pili Mumias, katika kaunti ya Kakamega. Mshahara ulikuwa ni ule ule. Tulipewa siku 40 za kujibu. Tukaafikiana na mama watoto kwamba hatutajibu kabla ya kuziona nchi zote mbili kwa macho yetu, kwani sifa za mji hupambwa na anayezitoa.

Tulianza na Lamu, kwa sababu ndiko moyo ulikokuwa. Tuliondoka Mombasa baada ya sala ya Alfajiri, tukapita Kilifi na Malindi, na Garsen tukaiacha barabara ya Garissa tukashika njia ya Witu. Ni zaidi ya kilomita 300, na asiyejua historia ya miaka ya karibuni ya njia hiyo ataiona ni msitu na mbuga tu. Sisi tulikuwa tukivuta uradi hadi tulipoziona mashua za Mokowe. Kutoka hapo ni bahari. Boti likazunguka pembeni mwa mikoko, na mara mji ukatokea: maghorofa meupe yanayotazama maji, minara ya misikiti, na punda wamepangana gatini wakingoja mizigo.

Tulikaa huko miaka mitatu ujanani, tukisoma. Kwa hivyo hatukuhitaji mtu wa kutuongoza katika vichochoro. Tulisali Alasiri katika Msikiti wa Riyadha, ulioasisiwa na Habib Swaleh mwishoni mwa karne ya kumi na tisa, na ambao hadi leo Maulidi yake huwakusanya watu kutoka pwani yote. Tulikaa Mkunguni mbele ya Ngome, iliyomalizika kujengwa mnamo miaka ya 1820, tukanywa kahawa tungu na wazee waliotukumbuka tangu tukiwa vijana. Walitusogezea mkeka, wakatutanguliza kuswalisha. Mji huu Umoja wa Mataifa uliuingiza katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2001, lakini kwetu sisi urithi wake ni kwamba ukipita njiani saa moja baada ya Alfajiri, husikii injini. Wasikia watoto wakisoma.

Jioni ile tulijiona tushafika kwetu. Lau karatasi ya mkataba ingekuwapo barazani, tungeitia sahihi.

Mama watoto naye alikuwa na safari yake ndani ya safari yetu. Yeye ni mwalimu wa madrasa tangu kabla ya kuolewa, na kila alikoingia aliuliza mambo ambayo sisi hatukuyafikiria: Maji ya kisima ni matamu au ya chumvi? Mboga zaja siku gani kutoka bara, na bei yake je? Mtoto akishikwa na maradhi usiku wa manane, mashua hupatikana? Na mwisho kabisa aliuliza: nani husomesha wanawake hapa? Wenyeji wakamjibu kwa fahari, na kwa haki yao, kwamba hakuna mtaa usio na chuo, na walimu wa kike ni tele.

Usiku, tukiwa tumelala, akasema, “Maalim, nikuulize. Hapa ukikosekana, nani atajua?”

Tulinyamaza. Hatukulipenda swali lile, na kutolipenda kwetu kulitujulisha kwamba lilikuwa na haki.

Baada ya wiki mbili tukaenda Mumias. Ni zaidi ya kilomita 800 kutoka Mombasa. Tulipanda treni ya SGR hadi Nairobi, kisha basi la usiku kupitia Nakuru na Kericho. Baridi ya milima ya Mau ilimfanya mama watoto avae mabuibui mawili, moja juu ya jingine, na bado akatetemeka. Kulipopambazuka tulikuwa tumekwisha kupita Kisumu, na ardhi yote ilikuwa kijani na udongo mwekundu. Kutoka Kakamega tukapanda matatu, na miwa ikaanza kutuzingira pande zote mbili za njia.

Wengi wetu wa pwani tunadhani Uislamu wa bara ni jambo la jana. Mumias ilikuwa makao ya Nabongo Mumia, mfalme wa Wawanga, aliyetawala tangu miaka ya 1880 na kufariki mwaka 1949. Misafara ya wafanyabiashara wa pwani iliyokuwa ikielekea Uganda ilipiga kambi hapo kabla hata ya reli kufikiriwa, na pamoja na nguo na shanga walifika na adhana. Watu wa ukoo wa kifalme waliingia katika dini, na wajukuu wao wapo hadi leo. Sisi tulifika tukijiona wageni, kumbe babu zetu walitutangulia kwa zaidi ya miaka 100.

Siku ya kwanza saa yetu ilitudanganya. Wakati ambao Mombasa adhana ya Magharibi huwa imekwisha kutolewa, jua la Mumias lilikuwa bado liko juu ya miwa, limetulia kana kwamba halina pa kwenda. Mumias iko magharibi mno ya pwani, na jua hulichelewesha kadiri ya dakika 20, zikizidi na kupungua kwa majira. Hata kibla kimegeuka. Sisi wa Mombasa huelekea kaskazini moja kwa moja, kwa kuwa Makka iko juu yetu. Kule inakupasa usogee kidogo kulia, upande wa mashariki. Tulisimama msikitini tukajihisi tumepinda, ilhali safu ilikuwa imenyooka sawasawa.

Mwenyeji wetu alikuwa mwalimu mstaafu. Mkewe alitupikia kuku, sima na mrenda, na mboga ile yenye kuteleza ilitushinda kuila kwa mkono hata watoto wa nyumba wakacheka. Alasiri mvua ikashuka na radi za kutisha. Huko ngurumo si habari. Kiswahili chetu kiliwachekesha, na chao kilituchosha kidogo. Chakula ni rahisi, maji ya chemchemi ni matamu, na kodi ya nyumba ni nafuu. Lakini malaria ipo, chandarua si pambo, na nyama mtu hana budi kuuliza imechinjwa na nani. Yote haya twayasema ili msidhani tuliona pepo.

Baada ya Isha walikuja wanawake kumi na mmoja kumwona mgeni wa kike kutoka Mombasa. Waliambiwa ni mwalimu. Waliketi naye hadi karibu saa sita za usiku. Sisi tulikuwa chumba cha pili, twasikia sauti bila maneno. Aliporudi hakulala. Alitueleza, bila kutaja jina la mtu, kwamba mmoja wao alifiwa na mumewe miaka minne nyuma. Edda yake aliihesabu kwa kalenda ya ukutani badala ya miezi ya mwandamo, akajizidishia siku chache. Halikuwa kosa la kumtia hofu. Lakini miaka yote minne alikuwa akijiuliza kama edda yake ilisihi, na hakuthubutu kumuuliza mwanamume kwa haya. Wengine walikuwa na masuala ya hedhi, ya nifasi, ya kulipa saumu, yote yamewekwa kifuani miaka na miaka.

“Kumi na mmoja,” alisema mama watoto, “na hao ni wa jirani tu.”

Hapo ndipo tulipotambua, sisi tuliojiona ndio tuliotakiwa, kwamba aliyehitajika zaidi hakuwa yule ambaye jina lake limeandikwa katika barua.

Ndugu msomaji, laiti mambo yangekuwa ya Lamu na Mumias pekee, uamuzi ungekuwa mwepesi. Lakini tulikuwa na mama yetu mzazi, aliyekwisha kupita miaka 80, katika nyumba yake ya Mji wa Kale. Kuhama hakutaki kabisa. Mumewe amezikwa Mombasa naye anataka kuzikwa ubavuni mwake. Kutoka Lamu, mtu akiitwa asubuhi, jioni atakuwa amefika. Kutoka Mumias ni mchana na usiku.

Tuliwasomesha watu miaka mingi habari za Mus‘ab bin Umayr, aliyetumwa Madina kuwafundisha watu dini kabla ya Mtume (S.A.W.) kuhamia huko, na za Muadh bin Jabal aliyetumwa Yaman. Lakini vilevile tuliwasomesha habari za yule aliyekuja kuomba ruhusa ya kwenda jihadi, akaulizwa kama wazazi wake wangali hai, kisha akaelekezwa arudi kuwahudumia. Kuyasomesha yote mawili ni rahisi. Kusimama katikati yake ni jambo jingine.

Tulisali istikhara, si usiku mmoja. Wako wanaongoja ndoto. Sisi hatukuota chochote. Istikhara ni kumkabidhi Mola jambo, kisha mtu huendelea na mashauriano kama Qurani ilivyoamrisha. Basi tukaita kikao: mama yetu, dada yetu mkubwa, mama watoto, na binti yetu wa mwisho aliyekuwa karibu kumaliza darasa la tisa. Binti alisema wazi kwamba anataka Lamu, kwa kuwa huko ana jamaa wa rika lake. Hatukumkemea. Dada yetu akasema atahamia kwa mama, naye ni mjane, watoto wake wakubwa. Mama yetu alikaa kimya muda mrefu akizungusha tasbihi, kisha akamgeukia mkewe mwanawe badala yetu sisi. “Wewe mwanangu, watoto wa kike wa huko wakingoja?” Akajibiwa, “Wangoja, mama.” Akasema, “Basi nendeni. Lakini kila likizo niwaone.”

Tukaafikiana miaka miwili, kisha tutazame upya. Kila likizo ya shule turudi Mombasa, na fedha za nauli ziwekwe kando kabla ya kodi. Binti tukamwahidi, na twaitimiza ahadi, kwamba likizo moja ya kila mwaka ataimaliza Lamu kwa jamaa zake.

Sasa umepita mwaka. Wanafunzi wa kike wa darsa ya jioni wamezidi nafasi ya chumba, na mama watoto anasomesha kwa zamu. Hilo ni la kushukuru. Lakini mwezi wa Rajabu tulipigiwa simu kwamba mama ameanguka bafuni. Tulifika baada ya saa 26. Njiani tulikuwa tukipunguza sala na kuzijumuisha, na katika kila sijda hatukujua twamwombea aliye hai au aliyetangulia. Alhamdulillah, tulimkuta hai, mkono umefungwa. Alifungua macho akauliza, “Mvua huko bado yanyesha?” Hatutaki kumwandikia msomaji kwamba uamuzi wetu haukuwa na gharama. Tuliilipa siku ile, na huenda tukailipa tena.

Kwa hivyo akina mama mliouliza, haya ndiyo tuliyojifunza. Nendeni mkaone kabla ya kujibu, na mke aende, kwa kuwa ataona yasiyoonekana barazani. Ulizeni nani anawahitaji huko, na pia ulizeni nani mnamwacha nyuma na atabaki na nani, kwa jina. Sikilizeni watoto hata kama hamtafuata walisemalo lote. Wekeni muda maalumu, ili shauri liweze kurudiwa bila aibu. Na anayechagua kubaki karibu na mzazi wake asione kwamba amechagua dogo. Lau dada yetu asingekubali, leo tungekuwa Lamu, na tungekuwa tumefanya sawa.

Ramadhani iliyopita mama yetu alijizoesha jambo. Kila siku, akishafuturu Mombasa, hupiga simu. “Sisi tushafungua,” husema, “nyinyi je?” Nasi humjibu kwamba jua bado liko juu ya miwa. Basi hubaki kwenye simu, akitwambia kilichopikwa nyumbani, nani amekuja, nani anaumwa, hadi adhana ya kwetu isikike naye aisikie. Kisha husema, “Haya, kuleni,” na kuikata.

Twamwomba Mwenyezi Mungu awarahisishie wote walio katika mashaka ya kuhama, awahifadhi wazazi wetu walio hai, na awarehemu waliotangulia. Amin.

Wabillahi tawfiq. Wassalaamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.