Ndevu za Askari

Msomaji mpenzi, ukifuata barabara itokayo Ukunda kwenda Lunga Lunga, kabla hujafika Msambweni utaona njia ishikayo kushoto kuelekea pwani. Hiyo ndiyo njia ya Gazi. Wageni wengi huja kutazama mikoko yetu, na wengine huja kuitazama nyumba ya Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui, aliyeshika silaha dhidi ya Waingereza mwaka 1895, na mwaka uliofuata akavuka mpaka na kuingia nchi iliyokuwa chini ya Wadachi. Mimi nataka kukueleza habari za vita vingine, vilivyofika hapa miaka 18 baadaye, kwa kuwa vina neno la kutuambia juu ya swali ambalo vijana huniuliza mara kwa mara.

Mwezi wa Oktoba mwaka 1914 Wadachi waliishambulia Gazi, kwa kuwa ilikuwa katika njia ya kwendea Mombasa. Walioilinda hawakuwa watu wa namna moja. Walikuwapo askari Waafrika wa King's African Rifles. Walikuwapo Waarabu walioandikwa na Mwingereza mmoja aitwaye Arthur Wavell. Na walikuwapo askari wa Jind, waliotoka Punjab katika nchi ya Bara Hindi, ambao wengi wao walikuwa Wasikh, wale ambao watu wetu huwaita Makalasinga. Msikh aishikaye dini yake hakati nywele zake wala ndevu zake. Hiyo ni amri waliyoishika tangu mwaka 1699. Basi katika mahandaki ya Gazi walikuwamo askari wenye ndevu zilizofungwa vizuri chini ya kidevu, na karibu yao askari walionyoa. Adui alirudishwa nyuma na Gazi haikutwaliwa.

Swali lenyewe ni hili: je, yafaa askari aruhusiwe kufuga ndevu? Pengine utacheka, useme kwamba hilo ni jambo dogo. Si dogo kwa yule limpatalo. Kila mwaka, siku za kuandikisha makurutu zikaribiapo, hunijia vijana wenye afya na mbio nzuri, na kati yao hakosi mmoja mwenye kufuga ndevu kwa kuwa ni sunna ya Mtume. Desturi ya jeshi letu ni kunyoa. Kijana huyo hupenda kuitumikia nchi yake, na hupenda kuitii dini yake, naye huona kwamba ameambiwa achague.

Nimelijadili jambo hili na mzee mmoja, jirani yangu, aliyekuwa askari miaka mingi. Alinisikiliza hata mwisho, kisha akasema, "Mwanangu mwalimu, ndevu si kitu. Kitu ni kuamka alfajiri, maji yakiwa baridi, ukanyoa hali hutaki. Siku utakapoambiwa ulale kifudifudi penye risasi, hutauliza kwa nini." Nakiri kwamba katika hoja zote za wapingao ndevu, hii ndiyo nzito kuliko zote, na yeyote aidharauye hajapata kuongoza hata darasa moja. Utii hufundishwa kwa mambo madogo. Hata sisi tuliosoma chuo cha ualimu tulikaguliwa kucha na kola.

Lakini sikiliza habari ya masharubu. Kwa miaka mingi sheria ya jeshi la Uingereza ilisema kwamba askari anyoe kidevu na mdomo wa chini, ila mdomo wa juu asiunyoe. Kufuga masharubu ilikuwa ni amri! Mwingereza aliyepigana Gazi mwaka 1914, kama angaliamka siku moja akayanyoa masharubu yake, angalikuwa amevunja sheria. Miaka miwili baadaye, mwezi wa Oktoba mwaka 1916, Jenerali Nevil Macready alitia sahihi tangazo la kuiondoa amri hiyo, na tangu hapo kila mtu akawa na hiari yake. Je, utii wa askari wale ulipungua siku ile? Hapana. Walikuwa watiifu walipolazimishwa kufuga, na walikuwa watiifu walipoachiwa kunyoa. Nilipomweleza mzee habari hiyo alicheka sana, akasema, "Wazungu nao!" Kisha akanyamaza kwa kitambo. Kama amri na kinyume cha amri hufundisha utii sawasawa, basi utii hautoki katika nywele; hutoka katika kuamrishwa na kukaguliwa. Mwenye ndevu naye aweza kuamka alfajiri, akazichana na kuzipunguza kwa kipimo, akakaguliwa na sajenti mkali.

Na kipimo chapatikana. Jeshi la Uingereza, ambalo ndilo lililoyalea majeshi yetu kabla King's African Rifles wa Kenya hawajawa Kenya Rifles mwaka 1963, liliruhusu ndevu mwezi wa Machi mwaka 2024. Ziwe zimejaa, zisiwe fupi kuliko milimita 2.5 wala ndefu kuliko 25.5, na zikaguliwe. Wanamaji wao walikwisha kupewa ruhusa tangu mwaka 1869, wala sijasikia kwamba merikebu yoyote ilizama kwa ajili ya ndevu. Marekani, kwa upande wake, mwaka 2025 iliukaza tena uzi uliokuwa umeanza kulegea. Wakubwa wenyewe, basi, hawajaafikiana, nasi hatuna sababu ya kungoja waafikiane ndipo tufikiri.

Sasa nije kwenye jambo ambalo kwetu Waafrika lapita mengine yote. Nywele zetu zina mapindo. Unywele wenye pindo ukikatwa karibu na ngozi hubaki na ncha kali, nao ukiota hupinda ukarudi na kuichoma ngozi ile ile ulimotoka. Hapo hutokea vipele, na vipele huweza kuwa usaha na makovu. Madaktari waujua ugonjwa huu vizuri, na wajua ya kuwa huwapata watu weusi kwa wingi kupita watu wenye nywele zilizonyooka. Dawa yake ya hakika ni kuacha kunyoa. Fikiri, msomaji: sheria ya kunyoa kila siku ilitungwa na watu ambao nywele zao hulala, na sisi tukairithi pamoja na bunduki na tarumbeta, bila kuiuliza kama yaifaa ngozi yetu. Tuna methali isemayo kwamba mwenzako akinyolewa, wewe tia maji. Aliyeitunga hakusema tia maji hata kama wembe unakutoa usaha.

Iko hoja moja ya wapinzani ambayo siwezi kuipindua, wala sitajaribu. Ni ile ya barakoa ya kujikinga na hewa ya sumu. Tangu sumu ilipotumiwa huko Ypres, Ubelgiji, mwezi wa Aprili mwaka 1915, majeshi yamejifunza kuvaa barakoa ambayo ukingo wake hushikamana na ngozi ya uso. Ndevu zikiwa katikati, hewa hupenya. Sumu haijui sunna wala haina huruma kwa mwenye vipele. Basi askari apelekwaye penye hatari hiyo na anyoe, na atakaye kazi hiyo ya daima ajue sharti lake kabla hajaapa. Hata Waingereza walioruhusu ndevu walilishika sharti hili. Lakini karani wa bohari, mpishi, fundi wa magari, na mpiga ngoma wa bendi, hawa wananyoa kwa ajili ya sumu gani?

Watu husema, "Hakulazimishwa kujiandikisha." Ni kweli. Hata hivyo jeshi ni la nchi nzima, nalo hulishwa kwa kodi ya wenye ndevu na wasio nazo. Na hapa nakuomba uifungue Katiba yetu ya mwaka 2010, kifungu cha 24, uisome ibara ndogo ya tano. Imeandikwa humo ni haki zipi ambazo sheria yaweza kuwapunguzia walio katika jeshi na polisi: faragha, kujumuika, kukusanyika na kupeleka maombi, mambo ya kazi, haki za kiuchumi na kijamii, na haki za aliyekamatwa. Zihesabu, ni sita. Uhuru wa dini, ulio katika kifungu cha 32, haumo. Sisemi kwamba haupunguziki kabisa, kwa kuwa haki nyingine nazo huweza kuwekewa mpaka kwa sababu ya haki na yenye kiasi. Nasema kwamba atakaye kuweka mpaka huo ndiye mwenye mzigo wa kuieleza sababu yake, na "ndivyo ilivyokuwa siku zote" si sababu. Tena si kweli, maana Amiri Jeshi Mkuu wetu wa kwanza, Mzee Jomo Kenyatta, alipigiwa saluti miaka yote ya urais wake akiwa na ndevu zake kidevuni.

Umeona pia kwamba kupeleka maombi ni miongoni mwa zile sita. Askari mwenyewe, basi, aweza kuzuiwa na sheria asiyalalamikie mambo haya pamoja na wenziwe. Raia hazuiwi: kifungu cha 119 champa kila mtu haki ya kuliandikia Bunge. Mzee jirani yangu, ambaye bado hakubaliani nami, ameniambia kwamba barua ya namna hiyo ikiandikwa ataisoma kwanza, kwa kuwa walimu, asema, hatujui vyeo vya jeshi, na tutawaandikia wasiohusika.