Soko la Nishiki na Daftari la Babu

Wahenga wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii tuliifahamu tungali wadogo, lakini uchungu wake tuliuonja siku tulipofungua kasha la marehemu babu yetu huko Pangani. Babu alikuwa nahodha wa jahazi. Kwa miaka mingi aliandika katika daftari moja, kwa lugha ya Kiswahili na kwa hati za Kiarabu, habari za kusi na kaskazi, za maji kujaa na kupwa, bei za nguru na za boriti, na beti alizozitunga akiwa baharini. Tulipolifungua daftari lile tulikuta vumbi. Mchwa walikwisha kulisoma kabla yetu.

Tulilikumbuka daftari hilo mwezi Novemba mwaka 2018, mahali tusipopatazamia: katika soko la Nishiki, mjini Kyoto, nchini Japani.

Soko hili ni njia moja nyembamba iliyonyooka, yenye urefu wa meta 390 hivi, na juu yake limeezekwa paa la rangi nyekundu, njano na kijani. Maduka yake yapata 130. Chini ya ardhi yake mna maji baridi, ambayo zamani yaliwafaa wauza samaki kuhifadhi bidhaa zao. Na mwaka 1615 watawala wa wakati ule waliwapa kibali rasmi cha kuuza hapo.

Tuliona figili na biringani zilizovundikwa kwa chumvi na pumba za mpunga. Tuliona mwani mkavu uliotoka kisiwa cha Hokkaido, mbali kaskazini. Tuliona samaki wa jamii ya jodari aliyechemshwa, akafukizwa moshi na kukaushwa hata akawa mgumu kama gogo. Naye huparuzwa kama seremala arandavyo ubao. Mwani huo na samaki huyo hutiwa katika maji ya moto, na mchuzi upatikanao ndio msingi wa mapishi yao mengi. Sisi watu wa pwani ng'onda tunamjua, na mwani akina mama wa Unguja na Pemba wanaulima kwa jasho. Lakini mwani wetu karibu wote husafirishwa ng'ambo, wala hauonekani vyunguni mwetu.

Tukanunua kipande cha yai lililokaangwa na kukunjwa, tukaenda tukila. Mama mmoja muuzaji akainamisha kichwa kwa adabu, kisha akatuonyesha tangazo ukutani: wageni wanaombwa wasile huku wakitembea. Tuliona haya. Kijana mwenyeji aliyekuwa akitufasiria alitueleza kwamba zamani waliojaa hapo ni wapishi na akina mama wa mjini, wenye vikapu vyao. Siku hizi wageni ni wengi, nao huja kutazama na kuonja. Hapo tulifahamu kwamba sisi pia tulikuwa miongoni mwa wanaoligeuza soko kuwa tamasha.

Lakini soko hili limewahi kuokoka. Mchoraji mashuhuri Ito Jakuchu, aliyezaliwa mwaka 1716, alikuwa mtoto wa mfanyabiashara wa mboga papo hapo Nishiki. Katika miaka ya 1770 soko lilipokuwa katika hatari ya kufungwa, yeye aliweka kando brashi yake, akahangaika na wakubwa kwa muda mrefu mpaka kibali kikapatikana tena. Leo picha zake zimechorwa juu ya milango ya maduka, nazo huonekana jioni yakifungwa.

Upande wa mashariki soko linaishia penye hekalu dogo la kumheshimu Sugawara no Michizane, mwanachuoni aliyefariki mwaka 903, ambaye wanafunzi humwomba wafaulu mitihani yao. Kutoka hapo tulikata kaskazini kwa barabara ya Teramachi, tukafika duka la Kyukyodo. Lilianzishwa mwaka 1663 kuuza dawa. Sasa huuza ubani, wino, brashi na karatasi.

Karatasi zile hatukuwa tumepata kuzigusa mfano wake. Hufanywa kwa gome la mti wa jamii ya mforosadi. Gome huchemshwa na kupondwa, nyuzi zake ndefu zikachanganywa na maji na ute wa mizizi, kisha zikachotwa kwa chekeche. Huko Japani zingalipo orodha za kaya zilizoandikwa mwaka 702 juu ya karatasi za namna hiyo, na maandishi yake yasomeka. Tukawaza: laiti babu angaliandika juu ya karatasi hizi, zikatunzwa hivyo!

Tukachagua karatasi 20. Muuzaji akauliza, kwa kufasiriwa, tungependa kuandika nini, ili atupe zifaazo. Tulinyamaza. Karatasi tumepata, na maneno hatuna.

Tuliporudi nyumbani tulikwenda Pangani kwa mzee mmoja aliyekuwa baharia katika jahazi la babu. Tulimwamkia, tukatoa karatasi zetu, tukamwomba atusomee zile beti. Mzee akatutazama, akasema: "Wajukuu zangu, majina ya pepo na ya miamba nayakumbuka, nitawapa. Ama beti, zilikuwa za babu yenu, akiziimba usiku. Ninyi mlikuwa wapi?"

Hatukuwa na jibu. Tuliandika alichotupa: majina ya pepo, ya nyota na ya miamba, na mwanzo wa ubeti mmoja usio na mwisho. Zilijaa karatasi nne.

Basi tusidhani kwamba utamaduni huhifadhiwa kwa karatasi njema peke yake, au kwa kuwaonyesha wageni. Mwani wa Nishiki unaishi kwa sababu kuna chungu kinachoungoja jioni ile ile. Na maneno ya wazee huishi yakiwa na msikilizaji. Walimu na wawatume wanafunzi wao kwa wazee, na wanafunzi na waende na daftari, hata liwe la bei rahisi, kabla mzee hajauliza swali tuliloulizwa sisi. Karatasi 16 zingali tupu kashani mwetu.